Kusoma Takwimu za Madai ya Bima

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu, mtumishi wa serikali, mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi, Masama)



Katibu wetu ameandika katika ratiba kwamba nitasema juu ya "mambo ya bima". Liliposomwa jina hilo nimewaona wazee watatu wa safu ya mbele wakishika mifuko ya makoti. Tulizeni mioyo, wazee wangu. Siuzi bima, wala sina kitabu cha stakabadhi. Nimeombwa niwaeleze vijana kazi ninayoifanya, maana mwaka huu mmoja wao alimwuliza Katibu: je, ni kweli kuna mtu analipwa mshahara kwa kuhesabu siku? Ni kweli. Ndiye huyu aliyesimama mbele yenu.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Kazi yangu ni kusoma takwimu za utendaji katika idara zinazoshughulikia madai ya bima. Kampuni zinaleta majedwali, nami natazama: madai mangapi yameingia, mangapi yamelipwa, mangapi yamekataliwa na kwa sababu gani, na kila dai limekaa siku ngapi katika kila meza. Kwa lugha ya shuleni, mimi nasahihisha madaftari ya watu wazima, nao hawapendi kusahihishwa kuliko ninyi.

Kazi ya namna hii haikuwapo sana zamani, na sababu yake ni ya historia. Wazee mnalikumbuka Shirika la Bima la Taifa. Liliundwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara ya bima ya Tanzania Bara ikawekwa mikononi mwake. Wenzetu wa Zanzibar wakaanzisha shirika lao mwaka 1969. Mambo yakaenda hivyo mpaka Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ile tunayoiita TIRA, imesimama juu ya Sheria ya mwaka 2009. Zama za shirika moja, mwananchi aliyecheleweshewa malipo yake alijua mlango wa kugonga ni upi. Leo milango ni mingi, na hapana budi pawe na mtu wa kulinganisha mlango na mlango.

Sasa dai ni nini? Gari la ndugu yako, Noah ile ya kutoka Masama kwenda Boma, limemgonga mwenye pikipiki. Tangu saa ile tarehe zinaanza kuandikwa: siku ya ajali, siku kampuni ilipopewa taarifa, siku ripoti ya polisi ilipofika, siku mkadiriaji wa hasara alipokwenda kuangalia, siku kampuni iliposema itatoa kiasi gani, siku mdai alipotia sahihi kukubali, na siku fedha zilipoingia. Tarehe saba. Ukitoa moja katika nyingine unapata siku. Hiyo ndiyo hesabu yenyewe. Ni kutoa, ile ya darasa la pili. Ugumu hauko katika kutoa. Ugumu uko katika kujua ni tarehe ipi iliyoandikwa, nani aliiandika, na kwa nini.

Kwa mfano, kompyuta ikikuta pengo mahali pa tarehe, programu nyingine hulijaza kwa mwanzo wa mwaka 1900. Basi nimewahi kukutana na pikipiki iliyopata ajali mwaka 1900, wakati reli ya kutoka Tanga ilikuwa bado haijafika Moshi. Hilo linachekesha, na mtu hulikamata upesi. Lisilochekesha ni tarehe iliyo sahihi kabisa lakini siyo ile uliyodhani. Jedwali linasema "siku dai lilipopokelewa". Ukiuliza vizuri unaambiwa, aa, hiyo ni siku ambayo vielelezo vyote vilikamilika. Mama wa watu alileta fomu yake mwezi wa Machi, karatasi moja ikasemekana haipo, akazungushwa mpaka Septemba, akalipwa Oktoba. Katika daftari la kampuni dai hilo limechukua mwezi mmoja. Katika maisha ya yule mama limechukua miezi saba. Zote mbili ni hesabu zisizo na kosa la kutoa.

Ndugu zangu, hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Tuliokulia mlimani humu tumebeba kahawa kwenda chama cha msingi. Mnaujua ule mzani. Uliona kilo zilizowekwa juu yake tu. Kahawa iliyoanguka kihambani kwa ugonjwa wa chulebuni haikuandikwa na karani, maana haikumfikia. Ukichukua daftari la karani peke yake, utaona gunia na gunia la kahawa safi, na utasema msimu ulikuwa mwema. Ili kujua msimu ulikuwaje, ilibidi uende ukaangalie chini ya mibuni.

Kampuni nyingi za bima hupima kazi yao kwa wastani wa siku za kulipa. Wastani huo hutafutwa kwa mafaili yaliyofungwa, kwa sababu faili ambalo halijafungwa bado halina siku ya mwisho. Inaonekana ni jambo la haki. Sasa fanyeni nami hesabu hii, na mwalimu wa hisabati anisahihishe. Dawati moja lina mafaili 10. Manane ni mepesi, vioo vilivyopasuka na bampa zilizobonyea, na kila moja limelipwa kwa siku 12. Mawili ni magumu: mtu amekufa au amevunjika mguu. Hayo mawili yamelala kabatini siku 400. Wastani wa dawati ni nini? Siku 12. Meneja anapongezwa.

Halafu anakuja karani mpya, kijana mwenye huruma na bidii. Analitoa faili moja kati ya yale mawili, analifuatilia, analilipa. Wastani sasa? Siku 96 za yale manane, jumlisha 400, gawanya kwa 9. Unapata siku 55 na ushei. Tangu 12 hadi 55! Meneja anauliza nani ameharibu mwezi wetu. Ameharibu yule aliyefanya kazi. Aliyeliacha faili kabatini ndiye mwenye takwimu nzuri, na akiliacha miaka mitatu takwimu zake zitabaki nzuri vilevile.

Simsemi karani huyo kuwa ni mwema na wenzake wabaya. Wenzake ni watu kama sisi, wana ada za shule za kulipa, nao wamepewa kipimo. Mwingereza mmoja, mtaalamu wa uchumi, Charles Goodhart, alikwisha kuliona jambo la namna hii mwaka 1975 alipokuwa akiandika juu ya mambo ya fedha: kipimo ukikifanya kuwa ndiyo amri, kinaacha kupima. Watu wanaelekea kule kipimo kinakotazama, na palipo na giza wanapaacha.

Vijana, msidhani ni mambo ya bima peke yake. Chukueni shule, siyo hii, inayoandikisha wanafunzi 100 Kidato cha Kwanza. Kila mwaka wanaopata alama ndogo wanaambiwa kwa upole watafute shule nyingine, hata kufika Kidato cha Nne wamebaki 60. Kati yao 57 wanafaulu vizuri. Lango la shule linapambwa kwa bango: asilimia 95! Lakini kati ya wale 100 waliokuja na masanduku yao, shule imefaulisha 57. Wale 40 wako wapi? Hawamo katika jedwali. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule bora, na mimi, kama mtu wa takwimu, sikuisikitikia orodha ile. Ninawaomba wenzangu wa Chama hiki, tunapoipima shule yetu, tuwahesabu walioingia, siyo waliotoka tu.

Turudi kabatini. Mafaili yaliyolala ni ya nani? Nilipoanza kuyapanga kwa umri, yenye zaidi ya siku 90, zaidi ya 180, zaidi ya mwaka, niliona jambo ambalo wastani ulikuwa umelifunika. Mwenye bima kubwa na gari zuri hakuwamo humo. Huyo ana simu ya meneja. Waliokuwamo ni wale ambao sheria inawaita watu wa tatu: hawakukata bima, hawakuchagua kampuni, hawajui hata jina lake, waligongwa tu. Abiria wa bodaboda. Mtembea kwa miguu. Wengi wao wa mikoani, mbali na makao makuu ya kampuni.

Tena mtu akifa, mlolongo unakuwa mrefu zaidi. Panatakiwa cheti cha kifo, panatakiwa kikao cha ukoo na muhtasari wake, halafu Mahakama ya Mwanzo imteue msimamizi wa mirathi, ndipo mlipaji ajue amlipe nani. Mambo hayo yana sababu nzuri. Bila hayo fedha za watoto zingeliwa na shemeji, nasi Wachaga tunajua kikao cha ukoo kinavyoweza kuwa na mashemeji. Lakini kila hatua ni nauli, ni siku ya kazi iliyopotea, na kwa mjane aliyeachwa na watoto ni chakula.

Nitawapeni habari ya faili moja, bila jina la mtu wala la kampuni, maana kiapo cha kazi kinanibana, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana sisi wote. Abiria wa pikipiki alifariki. Mjane alileta karatasi zake. Dai likaandikwa: "linasubiri ripoti ya daktari." Likakaa hivyo zaidi ya miaka miwili. Katika majedwali ya kila mwezi halikuonekana popote isipokuwa katika tarakimu moja chini ya ukurasa: "yanayosubiri vielelezo". Nilipoomba mafaili yenyewe ya karatasi, siyo jedwali, niliikuta ile ripoti ya daktari. Ilikuwamo siku zote. Ilikuwa imebanwa nyuma ya picha za pikipiki. Nyuma yake palikuwa na nakala ya pili, na barua ya mjane, kwa mwandiko wa kalamu ya risasi, akisema hii ni mara ya pili kuileta.

Nasema hivi kwa sababu vijana wengi hudhani mchambuzi wa takwimu ni mtu wa kukaa na kompyuta tu. Kompyuta yangu isingeniambia kamwe kilichokuwa nyuma ya picha. Iliniambia jambo moja tu: pana faili hapa limelala mno kuliko wenzake, nenda ukaangalie. Mengine yalitaka miguu na macho.

Basi niliandika taarifa. Sikuandika hasira, niliandika jedwali. Safu ya kwanza ni mafaili yaliyo wazi kwa umri wake. Ya pili ni siku zilizohesabiwa tangu mdai alipofika mara ya kwanza, siyo tangu vielelezo vilipokamilika. Ya tatu ni mafaili yaliyofungwa bila malipo kwa sababu ya "kukosa vielelezo". Hiyo ya tatu, ndugu zangu, ndiyo iliyoleta kelele. Maana ukiiambia idara kwamba sasa tutahesabu mafaili yaliyo wazi, njia rahisi ya kuyapunguza ni kuyafunga. Unamwandikia mdai barua, hajibu kwa sababu imekwenda kwenye sanduku la posta la shule aliyosoma mtoto wake, unafunga. Akija baadaye, unamfungulia faili jipya lenye tarehe mpya, na saa inaanza kuhesabu upya kama vile ajali imetokea jana. Kwa hiyo nikaomba kila faili lililofunguliwa tena libaki na tarehe yake ya kwanza.

Katika mkutano afisa mmoja mwandamizi wa kampuni ile, mtu mzima, mstaarabu, aliniambia: "Kijana, takwimu hizi zitatutia aibu." (Nina mvi, lakini ofisini ukishika jedwali unaitwa kijana.) Nikamjibu kwamba sikuongeza hata siku moja, siku zote hizo zilikuwa zao. Alinyamaza. Halafu akauliza swali ambalo mpaka leo namheshimu kwa ajili yake: "Yakiwa wazi hivi, nianze na lipi?" Tukaanza na la zamani kuliko yote. Mjane yule alilipwa. Sitawadanganya kwamba kabati lote lilisafishwa. Mengine yalikuwa yamekaa mno, mashahidi wamehama, na wadai wawili walikuwa wameshafariki. Na wastani wa siku wa kampuni ile ulipanda vibaya robo ile, ukaonekana mbaya kuliko wa majirani zake ambao hawakugusa makabati yao. Tulikubaliana pawekwe maelezo ya mstari mmoja chini ya jedwali. Sijui ni wangapi wanaosoma mstari wa chini ya jedwali.

Ninawaona waheshimiwa wenye daladala na bodaboda wakinitazama, kwa hiyo niseme machache yenye manufaa kwao. Bima ndogo hailipi gari lako. Inamlipa yule uliyemwumiza au uliyemharibia mali. Wengi wanajua hilo siku ya ajali. Bima yako ihakiki kwa simu katika mfumo wa TIRA siku ileile unapoikata, siyo siku ya msiba, maana wako wanaouza karatasi. Ajali ikitokea toa taarifa mapema, na aliyeumia apate fomu ya polisi, PF3. Ukipeleka karatasi yoyote, baki na nakala yenye mhuri na tarehe ya kupokelewa. Hiyo tarehe ndiyo siraha yako, maana mtu kama mimi akija kuhesabu, ataanzia hapo. Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Na shauri lisipoisha kwenye kampuni, iko TIRA, na iko ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na sheria ileile ya mwaka 2009.

Sasa vijana. Mtaniuliza: mtu asome nini? Hisabati, bila shaka, lakini si lazima uwe yule wa kwanza darasani. Mimi sikuwa. Hesabu ninazotumia kila siku ni asilimia, wastani, na ile namba ya katikati unayoipata ukipanga zote kwa mstari. Rudini kwenye mfano wetu: wastani ulikimbia kutoka 12 hadi 55, lakini namba ya katikati ilibaki 12. Zote mbili ukiziweka pamoja zinakwambia kwamba wengi wanalipwa upesi na mmoja ameteseka. Kisha unauliza habari za yule wa kumi ambaye bado hajaingia katika hesabu. Kompyuta utafundishwa: Excel kwanza, halafu ile lugha ya kuulizia hifadhi za takwimu iitwayo SQL, ambayo kwa miezi michache mtu mtulivu anaiweza.

Vyuo viko. Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, pale Dar es Salaam, kipo tangu mwaka 1961. Chuo cha Usimamizi wa Fedha kilichoanza mwaka 1972 kinafundisha bima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha takwimu bima, fani ya wale wanaokadiria akiba ambayo kampuni lazima iweke kwa madai yasiyolipwa bado. Hao wanalipwa vizuri kuliko mimi, nami nimeshazoea. Lakini nawaambieni, na mwalimu wa Kiswahili afurahi, kwamba nusu ya kazi yangu ni kuandika. Jedwali halijisemei. Lazima uandike sentensi tatu ambazo meneja aliyechoka atazielewa saa kumi jioni ya Ijumaa, na usiseme zaidi ya namba zinavyoruhusu. Waliofaulu hisabati wakashindwa kuandika nimewaona wengi, nao kazi yao inalala kabatini pamoja na yale mafaili.

Na mjizoeze kuuliza. Mtu akikuletea asilimia, mwulize: asilimia ya nini? Nani amebaki nje? Ulizeni kwa adabu, lakini msiondoke bila jibu.

Ndugu Mwenyekiti, nimepewa nusu saa, naona umeanza kutazama saa yako. Ule mfano wa mafaili 10 nimeuandika katika karatasi pamoja na maswali sita, nimemkabidhi mwalimu wa hisabati. Kidato cha Tatu wakiufanya, naomba niletewe majibu nami nitayasahihisha. Wenye fomu za madai mifukoni, na nimeshaona bahasha mbili, nitakaa pale kwenye benchi la ofisi mpaka saa kumi. Leteni na zile karatasi mlizoambiwa hazipo.